Kidirisha cha Faili cha GNOME: Hitilafu Ndogo Iliyodumu Miaka 18

Ukibonyeza kitufe cha kuambatisha faili kwenye barua pepe, au cha kupakia picha kwenye fomu ya maombi ya kazi, kompyuta hufungua kidirisha cha kuchagulia faili. Kwenye GNOME, eneokazi ambalo mifumo ya Linux ya Ubuntu na Fedora huja nalo, kidirisha hicho kwa miaka mingi kilikuwa na orodha ya majina tu. Jina, ukubwa, tarehe. Picha yenyewe hukuiona.

Kwa mtu anayeandika msimbo hilo si tatizo kubwa, maana faili zake amezipa majina mwenyewe. Mwenye taabu ni karani wa stationery ambaye mteja amesimama mbele yake na amemtumia kwa WhatsApp picha za pasipoti za watoto wanne. Folda imejaa IMG-20221204-WA0007.jpg, IMG-20221204-WA0008.jpg, na ndugu zake. Picha ya Neema ni ipi hapo? Karani hana budi kuifungua folda ileile pembeni kwa programu ya Faili, ambayo inaonyesha vijipicha, yaani picha ndogo za kilichomo kwenye kila faili, bila shida yoyote, akariri tarakimu za mwisho, kisha arudi kwenye kidirisha kuzitafuta. Mjanja zaidi huikamata picha kwa kipanya na kuiburuta hadi kwenye ukurasa wa kivinjari. Njia zote mbili zinafanya kazi, na hapo ndipo hitilafu za aina hii zinapopata maisha marefu: mtu akipata pa kupitia hahami, ananung'unika tu.

Na watu walinung'unika kweli. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na vijipicha kwenye kidirisha chake cha kufungulia faili. KDE, eneokazi lingine kubwa la Linux, nalo lilikuwa navyo zamani. Kila ulipozuka ubishi kuhusu Linux ya mezani, mtu hakukosa kukitaja kidirisha cha GNOME, na mjadala ukaishia kwenye kicheko.

Tuanzie mwanzo. GNOME inajengwa juu ya GTK, maktaba inayochora vitufe, menyu, visanduku na vidirisha. Kidirisha cha faili si mali ya kivinjari wala ya programu ya barua pepe. Ni mali ya GTK, na programu zinakiazima. Machi 2004 lilitoka toleo la GTK 2.4 likiwa na kidirisha kipya, GtkFileChooser, kuchukua nafasi ya kile cha zamani kilichokuwa kinachosha macho. Kipya kilikuwa na maeneo ya kudumu pembeni na njia ya folda iliyokatwa vitufe. Mwaka huohuo mtu akaandika taarifa kwenye Bugzilla ya GNOME, mfumo wa kuripotia hitilafu, akiomba vijipicha ndani yake. Ikapewa namba 141154.

Mwaka 2011 ikaja GTK 3. Taarifa ikabaki wazi. Mwaka 2018 GNOME ikaachana na Bugzilla ikahamia GitLab, mfumo mwingine wa kazi hiyo, taarifa ikahamishwa pamoja na nyingine zote na kuwa namba 233 ya GTK. Bado wazi. Desemba 2020 ikatoka GTK 4.0, na kidirisha kikaingia humo na orodha yake ileile. Kufika 2022 taarifa hii ilikuwa imetimiza umri wa kupiga kura.

Maelezo yaliyokuwa yakirudiwa mtandaoni ni kwamba watu wa GNOME ni wajeuri, hawamsikilizi mtumiaji. Sifa hiyo walikuwa nayo tangu zamani. Desemba 2005 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliwashauri watu hadharani watumie KDE, akilalamika kwamba GNOME inapunguza machaguo kwa kumdharau mtumiaji. Mimi sikubaliani na maelezo hayo kwa kisa hiki. Hakuna aliyekuwa anaamini kwamba kuchagua picha kwa jina ni bora kuliko kuichagua kwa kuiona. Tatizo lilikuwa ndani ya msimbo, na linastahili kutazamwa kwa karibu kuliko ugomvi wenyewe.

Ndani ya GTK 2 na GTK 3, orodha ya faili ilichorwa na wijeti, yaani kipande cha kiolesura, iitwayo GtkTreeView. Hiyo ni wijeti ya mistari na safu, na kwa mistari na safu ni hodari. Lakini kidirisha hakikuitumia kwa kuchora tu. Kilipotaka kujua faili ipi imechaguliwa, kiliiuliza GtkTreeView. Kishale kiko mstari gani, safu ipi inapanga kwa tarehe, mtu amebofya mara mbili wapi: yote iliulizwa wijeti hiyohiyo. Juu ya hapo kidirisha kilikuja kuwa na hali tatu, yaani kuvinjari folda, kutafuta, na kuonyesha faili za karibuni, na zote tatu zilikuwa zimefungamanishwa na orodha ileile. Fungua msimbo wake wa enzi hizo na utaona maelfu ya mistari ambayo karibu kila kazi ya maana humo inaigusa GtkTreeView kwa jina.

Mtu atasema: kulikuwa na wijeti ya kupanga alama kwa gridi, GtkIconView, tangu GTK 2.6 ya Desemba 2004. Kwa nini isiwekwe pembeni ya orodha na kitufe cha kugeuza? Inawezekana, na wapo waliofanya. Ila GtkIconView ina kumbukumbu yake yenyewe ya kilichochaguliwa, na GtkTreeView ina yake. Ni duka lenye wauzaji wawili, kila mmoja na daftari lake la madeni. Mteja akilipa kwa huyu, yule bado anamdai. Mtumiaji akichagua faili tatu kwenye orodha kisha akageuza kwenda gridi, lazima mtu aandike msimbo wa kunakili uchaguzi kutoka daftari moja kwenda jingine, na kurudi, kwenye kila hali kati ya zile tatu, huku folda ikiwa inaendelea kusomwa kutoka diski. Kila pengo hapo ni hitilafu mpya, tena mbaya kuliko ya kwanza: unadhani umeambatisha picha, kumbe umeambatisha nyingine.

Kuna la pili. GtkIconView, kabla ya kupanga alama zake, hupima ukubwa wa kila moja. Kwenye folda ya picha arobaini hutambui. Kwenye folda ya kamera yenye maelfu, kidirisha kinaganda, na kikiganda, programu nzima iliyokiazima inaonekana imeganda. Lawama itakwenda kwa kivinjari.

Viraka, yaani vipande vya msimbo vya kurekebisha programu, vilikuwepo. Watumiaji wa Arch Linux, aina nyingine ya Linux, walikuwa wanasakinisha GTK iliyofanyiwa ukarabati wa nje, yenye mwonekano wa gridi, kupitia hazina ya vifurushi vya jumuiya, AUR. Kwao ilifanya kazi, na walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kiraka hicho hakiingizwi kwenye GTK yenyewe. Jibu halifurahishi: kiraka kinachotosha kwenye kompyuta ya mtu anayejua anachokifanya si lazima kitoshe kwenye maktaba inayobeba mamia ya programu. Ukishakiingiza ni chako. Aliyekileta anaweza kuwa ameajiriwa kwingine mwakani, na watunzaji wa GTK, ambao ni wachache kuliko watu wanavyodhani, watabaki na daftari mbili za kuoanisha hadi mwisho wa maisha ya toleo hilo.

Nafikiri kosa la mradi lilikuwa kwenye mawasiliano. Sababu hizi za kiufundi zilikuwa zimefukiwa chini ya lundo la maoni ya miaka mingi, mengi yao yakiwa ya aina ya "hata mimi" na "aibu". Mtu mpya aliyekuja na nia ya kusaidia alikuwa na kazi ya kuchimba kabla hajajua kinachozuia. Aya tatu juu kabisa ya taarifa, zinazosema hiki hakiwezekani mpaka kile kibadilike, zingeokoa hasira nyingi.

Mwaka 2009 Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, walianzisha kampeni kwa ajili ya Ubuntu 9.10, wakalenga hitilafu mia moja ndogondogo za kiolesura, zile wanazoziita mikato ya karatasi: haziui, lakini zinawasha. Masharti yalikuwa kwamba mtumiaji wa kawaida aione, na kuitengeneza kusiwe na kazi kubwa. Ukikipima kisa chetu kwa vipimo hivyo, sharti la kwanza linatimia na la pili linashindwa vibaya. Anayetaka kuingia kwenye kazi ya kurekebisha violesura vya programu huria auchunguze mpaka huu mapema, kwa sababu kutoka nje hauonekani. Maandishi yaliyokatwa kwenye kitufe cha Kiswahili kwa kuwa neno letu ni refu kuliko la Kiingereza huenda ni kazi ya jioni moja. Kijipicha kwenye orodha kinaonekana kwa jicho kuwa kazi ileile.

Kilichofungua njia kilitoka upande ambao mlalamikaji hakuwa akiuangalia. Katika kuandaa GTK 4, watengenezaji waliandika upya kabisa namna ya kuonyesha orodha. Vitu vinavyoonyeshwa, kwa mfano faili za folda, vinakaa kwenye modeli iitwayo GListModel. Juu yake inawekwa modeli nyingine, GtkSelectionModel, ambayo kazi yake ni kujua kipi kimechaguliwa na kipi hakijachaguliwa. Ndipo juu kabisa zinakuja wijeti za kuchora: GtkColumnView kwa safu, GtkGridView kwa gridi. Wijeti hizi hazina daftari. Zote mbili zinasoma la kaunta, lililo moja. Chagua faili tatu kwenye safu, geuza kwenda gridi, na zile tatu zimechaguliwa tayari, kwa sababu hazikuhama popote.

La kupima ukubwa nalo likaisha hapohapo. GtkGridView hutengeneza wijeti za vitu vilivyo machoni pamoja na vichache vya akiba juu na chini. Ukisogeza ukurasa, zile zilizotoka nje ya macho zinavalishwa faili nyingine na kurudishwa upande wa pili. Folda iwe na picha mia au elfu kumi, wijeti zilizopo kwa wakati mmoja ni karibu zilezile.

Hata hivyo misingi hii ilikuwa tayari Desemba 2020, na kidirisha kilichotoka na GTK 4.0 bado kilikuwa kimekalia GtkTreeView. Kukihamisha kulikuwa ni kuzipitia kazi zile zote zilizoigusa kwa jina, moja baada ya nyingine, bila kuvunja kutafuta wala faili za karibuni. Programu ya Faili, ambayo ndani inaitwa Nautilus, ilihamia GTK 4 kwenye GNOME 43, Septemba 2022. Desemba ya mwaka huo mabadiliko ya kidirisha yakaingizwa kwenye GTK. Yalitolewa rasmi kwenye GTK 4.10, Machi 2023, pamoja na GNOME 44, na mwezi uliofuata Fedora 38 na Ubuntu 23.04 zikawafikishia watu. Taarifa namba 233 ikafungwa. Katika toleo hilohilo la 4.10, GtkTreeView na GtkIconView ziliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo programu mpya zinashauriwa visitumike.

Hapo ndipo habari za mtandaoni zilipoishia, kwa shangwe. Karani wetu, akiwa na GNOME mpya kabisa, alifungua kivinjari, akabonyeza kitufe cha kupakia, na huenda akakuta orodha ileile ya majina.

Sababu ni kwamba kivinjari cha Firefox kinatumia GTK 3. Marekebisho yaliingia GTK 4 na hayakurudishwa nyuma, kwa sababu GTK 3 haina zile modeli za uchaguzi. Programu ya GTK 3 inayofungua kidirisha chake yenyewe itafungua cha zamani, haijalishi GNOME ni toleo gani. GIMP, programu ya kuhariri picha, iko hapo pia: toleo lake la 3.0, lililotoka Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka, limejengwa juu ya GTK 3, ingawa GTK ilizaliwa kama sanduku la zana la GIMP. GIMP hujisaidia kwa kuonyesha picha moja pembeni ukishaibofya. Kidirisha cha GTK 3 kinaruhusu programu kuweka kisanduku hicho, na Firefox nayo ilikitumia hivyo kwa picha. Ni msaada, lakini ni wa picha moja kwa mbofyo mmoja.

Njia ya kukwepa hili ilijengwa kwa sababu nyingine kabisa. Programu za Flatpak, mfumo mmoja wa kusambaza programu za Linux, zinaishi ndani ya uzio. Haziruhusiwi kupekua diski yako. Zikitaka faili zinaomba kwa huduma iitwayo xdg-desktop-portal, nayo inaiagiza GNOME ifungue kidirisha kwa niaba yao, kisha inairudishia programu faili uliyoichagua, hiyo tu. Kidirisha hicho kinafunguliwa na huduma ya GNOME iliyojengwa kwa GTK 4, kwa hiyo kina vijipicha hata kama programu iliyoomba ni ya GTK 3. Kwenye Firefox isiyo ya Flatpak unaweza kulazimisha njia hiyo: andika about:config kwenye anwani, tafuta widget.use-xdg-desktop-portal.file-picker, uiwekee 1, kisha jaribu kupakia kitu.

Kuna mshangao mwingine unaoweza kukupata hata baada ya hapo. Nakili folda ya picha kutoka kwenye flashi, nenda moja kwa moja kwenye kidirisha, geuza iwe gridi: badala ya picha unaona alama za kawaida za faili. Fungua folda hiyo kwa programu ya Faili, subiri kidogo, rudi, na sasa picha zipo. Si uchawi. Kidirisha cha GTK 4.10 hakitengenezi vijipicha. Kinasoma vilivyokwisha kutengenezwa na wengine. GTK iko chini ya GNOME kwenye mpangilio wa tabaka, na mashine ya kutengeneza vijipicha vya GNOME iko tabaka la juu yake. Maktaba ya chini haiwezi kuitegemea ya juu bila kuleta fujo kwa kila mtu anayetumia GTK nje ya GNOME.

Vijipicha vyenyewe vinafuata kanuni ya pamoja ya freedesktop, mradi unaooanisha maeneokazi ya Linux, ndiyo maana programu tofauti zinaweza kugawana. Vinakaa ndani ya ~/.cache/thumbnails, kwenye folda ya normal kwa ukubwa wa pikseli 128 na large kwa 256. Jina la kila kimoja ni MD5, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi, ya anwani kamili ya faili. Ukitaka kujua kama picha fulani ina kijipicha, fanya hesabu mwenyewe kwenye terminali:

printf '%s' 'file:///home/neema/Picha/pasipoti.jpg' | md5sum

Herufi 32 zitakazotoka, ongeza .png mwishoni, ndilo jina la kutafuta ndani ya folda hizo. Angalia mambo mawili. Tumia printf, usitumie echo ya kawaida, kwa sababu echo inaongeza mwisho wa mstari na MD5 inabadilika yote. Na kama jina la faili lina nafasi, kwenye anwani nafasi huandikwa %20. Ndani ya kijipicha kuna pia kumbukumbu ya lini faili asili ilibadilishwa. Ukiihariri picha, kijipicha cha zamani kinahesabiwa kimepitwa na wakati. Hili linaeleza malalamiko mengine mengi ya "kidirisha kimekataa kuonyesha picha yangu" ambayo hayahusiani na hitilafu ya 2004 hata kidogo.

Kwa hiyo unapotaka kuripoti kitu kuhusu kidirisha cha faili leo, kazi ya kwanza ni kujua umefungua kidirisha kipi. Kina kitufe cha kugeuza kati ya orodha na gridi? Basi si cha GTK 3. Kama GNOME yako ni 47, iliyotoka Septemba 2024, au mpya zaidi, kidirisha kinachokuja kupitia ile huduma ya xdg-desktop-portal si cha GTK tena: ni Nautilus yenyewe inafunguliwa ikiwa na kitufe cha kuchagua, na kwa kuwa Nautilus inatengeneza vijipicha, tatizo la flashi linaondoka. Taarifa ya kidirisha hicho inakwenda kwa mradi wa Nautilus. Ya kidirisha kilichofunguliwa na programu ya GTK 4 yenyewe inakwenda GTK. Na ya Firefox inayong'ang'ania kidirisha cha zamani, GNOME watakurudishia tu, kwani haimo mikononi mwao. Jaribu kwanza ile mipangilio ya about:config, kisha uwaandikie Mozilla, watengenezaji wa Firefox.